Bega la Fundi Saa

Machi 3

Matroni amesema mwenye malalamiko ayaandike na tarehe, maana ya mdomo yanaingia sikio hili yanatokea lile. Sawa, naandika. Wodi yetu ya mazoezi ya viungo ina mikanda sita ya kunyanyulia wagonjwa. Mvua imeanza juzi. Mikanda minne imefuliwa na kutundikwa koridoni, na mpaka leo ukiikamua inatoa maji. Mkanda mbichi unamchubua mgonjwa kiunoni na unamponyoka mnyanyuaji mkononi. Mikanda miwili haitoshi wagonjwa kumi na wanane. Hayo ndiyo malalamiko yangu, na nitaendelea kuyaandika mpaka jua liwake.

Mume wangu kasoma. Yeye ni karani wa masjala, na ndiye anayewaandikia majirani barua zao zote, za kuomba kazi na za kuomba radhi. Kasema nimeandika kama mtu anayegombana na kamba ya nguo.

Machi 5

Mvua. Mikanda mibichi.

Machi 6

Mvua. Mikanda mibichi, na mmoja umeota ukungu.

Machi 9

Leo naandika lisilo la mikanda. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ametimiza miezi miwili kama msaidizi wangu wodini. Yuko kwenye majaribio. Akimaliza miezi sita bila doa ataajiriwa. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi. Mumewe alimwacha na watoto wawili, na watoto hao wanashinda kwangu. Sioni tabu. Mimi na mume wangu hatukujaliwa, na nyumba yenye kelele inanifaa.

Kwa kuwa ananiita wifi na mimi namwita wifi, wodi nzima sasa inamwita Wifi, hata babu wa kitanda cha nne ambaye angeweza kumzaa mama yake.

Anajifunza haraka, ila mdomo wake unatangulia miguu. Leo nimemkariria: miguu ipanuke, magoti yakunjike, mgongo unyooke, mgonjwa awe karibu na tumbo lako, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, usisokote kiuno. Akasema, "Wifi, masharti haya hata mganga hana." Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Machi 12

Tumepokea mgonjwa mpya. Ni fundi saa. Mtu mkubwa kama kabati, na kazi yake ilikuwa kushika vidude vidogo kuliko punje ya mtama. Kiharusi kimempiga upande wote wa kulia na kimemchukulia maneno yote isipokuwa moja: "haya". Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza jina la mkewe, haya. Akikasirika, haya, tena kwa sauti ya kumfukuza mtu nyumbani. Mkewe, mwanamke mdogo wa umbo na mkali wa macho, anasema ndoa yao haijawahi kuwa na makubaliano mengi hivi.

Mkono wake wa kulia umelala tu. Bega la mkono uliopooza halina misuli ya kulishikilia. Linaning'inia kwenye ngozi na nyama legevu. Ukiuvuta mkono ule, bega linatoka mahali pake. Nimemwekea mto chini ya kiwiko, nimebandika karatasi ukutani: MKONO HUU HAUVUTWI. Matroni kasoma akaniuliza kama nimeuandikia mkono au nimewaandikia watu.

Machi 15

Mvua. Paa linavuja karibu na kitanda cha Fundi Saa. Tumetega ndoo.

Machi 18

Wifi amemkamata Fundi kwapani leo, upande mbovu, tulipokuwa tunamsogeza juu kitandani. Nikampiga kofi dogo la mkono. Hii ni mara ya tatu. Anasema mkono wake unakwenda wenyewe, kwamba mtu akitaka kuanguka unamdaka unapopapata. Nikamwambia mkono unafundishika kama mtoto, kwa kurudiarudia. Nimemfanyisha mara thelathini: shuka la kutelezesha chini ya mgongo, shika shuka, usimshike mtu. Mara ya thelathini alikuwa anafanya vizuri na ananichukia.

Nyumbani mume wangu kaniambia nisimbane sana dada yake. Nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Akasema, "Huyo si mwana, ana miaka thelathini na mbili." Kweli. Lakini kumfundisha mtu ndiyo namna yangu ya kumpenda.

Machi 24

Furaha. Leo kidole gumba cha kulia cha Fundi kimesogea. Nilimwekea bisibisi yake ndogo kiganjani, mkewe kaileta kwenye leso, na kidole kikaifunga. Sekunde mbili, tatu. Akatazama mkono wake kana kwamba ni mgeni aliyebisha hodi. Akasema "haya" polepole, na mkewe akageukia dirishani.

Daktari wa mifupa kasema bega likikaa salama miezi hii miwili, mkono unaweza kurudi kiasi cha kushika kazi. Bega likiharibika, maumivu yatamzuia hata kujaribu. Kwa hiyo kila kitu kimekalia bega.

Machi 26

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Mikanda mitano mibichi.

Aprili 2

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo, maana kukaa siwezi zaidi ya dakika tano. Nitaandika polepole lakini nitaandika yote.

Ilikuwa Machi 27, saa nne asubuhi. Fundi alitakiwa kutoka kitandani kuhamia kiti cha magurudumu. Mkanda mkavu uliobaki ulikuwa kwa mgonjwa mwingine. Nikasema tusubiri. Wifi akasema, "Wifi, tumemhamisha bila mkanda mara ngapi? Mkewe anakuja saa tano, anataka amkute ameketi." Nikakubali. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa kwa mkono wangu: mimi mwenye kelele za mikanda tangu mwezi uanze, nilikubali.

Kiti nilikiweka upande wake mzima, nikakipindisha kidogo, nikafunga breki. Mimi nilisimama mbele yake, goti langu likizuia goti lake la kulia lisikunjike. Ndiyo nafasi ya uzito, nami sikuwahi kumwachia Wifi nafasi ile kwa mgonjwa mkubwa. Wifi alikuwa upande wa kulia, nyuma kidogo, mikono yote miwili kwenye kiuno cha suruali. Nikahesabu. Kwenye tatu Fundi akainama mbele, akaja juu vizuri, akasimama. Tukaanza kugeuka. Mguu wake mzima ukakanyaga maji. Ndoo ilikuwa imejaa ikafurika, na hakuna aliyeiona. Akaanza kwenda chini.

Mgonjwa akianguka hatumzuii, tunamsindikiza. Unamvuta kifuani kwako, unakunja magoti, unashuka naye mpaka sakafuni kama unayeweka gunia la mayai. Nilishaanza kushuka. Wifi akaachia suruali, akaudaka mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauvuta juu. Nikapiga kelele, "Achia mkono!" Hakuachia. Fundi akatoa sauti ambayo haikuwa "haya" wala neno lolote. Mimi nikiwa chini ya uzito wake wote, nikasokota kiuno kuufuata ule mkono ili usinyooke zaidi. Ndicho kitu nilichowakataza watu kwa miaka kumi na minne. Nikahisi uzi umekatika mgongoni. Tukafika chini wote watatu.

Nilipigwa picha ya mgongo. Hakuna mfupa uliovunjika, ila nimeandikiwa wiki tatu za kukaa nyumbani. Bega la Fundi limetoka. Wamelirudisha, lakini limevimba na halishikiki.

Wifi alilia sana siku ile. Alinishika mkono pale kwenye machela akasema, "Wifi, nimeua. Nimeua mkono wa mtu." Nikamwambia atulie, aandike ukweli, na mimi nitamsemea. Kosa la kwanza la mtu aliye kwenye majaribio linasameheka likisemwa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Aprili 4

Mvua. Mume wangu amechukua likizo ya siku tano kunitunza. Nimemfundisha kunigeuza: magoti nikunje, mto katikati ya magoti, mkono wake mmoja begani, mwingine nyongani, nigeuke mzima kama gogo. Anafanya kwa upole kuliko wasaidizi wote niliowahi kuwafundisha. Leo nimelia kidogo kwa ajili ya upole huo. Ananiuliza kila mara, "Hapa? Au hapa?" Nimejiona mwanamke mwenye bahati.

Aprili 5

Watoto wa Wifi hawaji tena kushinda hapa. Mume wangu kasema mama yao hataki wanisumbue.

Aprili 7

Matroni kaja nyumbani na bahasha. Hakukaa. Alisema, "Soma mpaka mwisho ndipo useme."

Ni maelezo ya Wifi, kurasa mbili. Anasema yeye ndiye aliyekuwa mbele ya mgonjwa na mimi ndiye niliyekuwa upande wa kulia. Anasema alishauri tusubiri mkanda nami nikakataa, nikidai kwamba uzoefu wangu unatosha. Anasema mgonjwa alipoteleza, mwenzake, yaani mimi, "kwa taharuki aliushika mkono dhaifu na kuuvuta, licha ya kuonywa mara kadhaa".

Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea majina. Mara ya pili nilifuata kila mstari kwa kidole. Mara ya tatu nilianza kuona jinsi ilivyoandikwa vizuri. Wifi yangu akiandika orodha ya sabuni anaruka herufi. Haya maelezo yana aya zilizopangwa, yana "licha ya", yana "kwa mujibu wa".

Matroni kaniambia kamati itakaa Aprili 22. Ikithibitika niliuvuta mkono ule nikijua ni mbovu, sitamgusa mgonjwa tena hapa wala hospitali nyingine. Wataniweka kwenye stoo ya magongo au watanitoa kabisa. Nikamuuliza yeye anaamini nini. Akasema, "Mimi naamini ninachokiona, na siku ile sikuwepo."

Shukrani ya punda ni mateke. Nilikuwa nikiusema huo msemo kwa mzaha. Leo sina hamu ya mzaha.

Aprili 8

Nimemwonyesha mume wangu maelezo. Alisoma haraka, akayakunja. "Atakuwa amesaidiwa na mtu wa ofisini kwenu," alisema. Kisha akasema yeye amewekwa katikati, huku mke huku dada, na tusiyapeleke haya kwa watu wa nje. Nikamwambia yameshapelekwa nje na dada yako, kwa nakala tatu. Akaenda kuchemsha maji ya kunikanda.

Aprili 9

Mvua tu.

Aprili 11

Nimetembea mpaka kwa Wifi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nimeshika ukuta njia nzima. Nilimkuta anafua. Hakuinua macho.

"Wifi," nikamwambia, "niangalie."

"Nafua."

"Nani alikuwa mbele ya Fundi siku ile?"

"Nimeshaandika."

"Sikuulizi ulichoandika. Nakuuliza nani alikuwa mbele."

Akakamua nguo ileile mara mbili. Akasema, "Wifi, wewe ni mkubwa. Mti mkubwa hauangushwi na upepo mmoja. Mimi nikitikiswa kidogo tu, naondoka na watoto wangu. Nirehemu."

"Nikurehemu kwa kukuachia jina langu?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Kitu kilichoniuma zaidi ya mgongo ni kwamba alipoinua beseni alikunja magoti, akaliweka karibu na tumbo, akanyoosha mgongo. Alilibeba vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha.

Aprili 13

Namchukia. Nimeandika ili nione linavyokaa kwenye karatasi.

Aprili 14

Simchukii. Nina hasira naye, na nina hasira na mimi niliyekubali bila mkanda. Mume wangu ananishauri nikiri mbele ya kamati kwa maneno ya jumla, "tulifanya makosa sote", ili yaishe. Anasema ana uwezo wa kuniandikia. Nikamwambia nina mkono wa kuandika, kilichoumia ni mgongo.

Aprili 16

Nimekwenda wodini kumwona Fundi Saa. Mkono wake umefungwa kifuani. Uso umepungua. Mkewe alisimama katikati yangu na kitanda.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" aliniuliza.

Nikamwambia sikuuvuta mkono wa mumeo. Akasema, "Wote mnasema hivyo. Mwenzio kasema hivyo juzi, na machozi juu. Mimi nimwamini nani? Mume wangu hana mdomo."

Fundi akaanza, "Haya! Haya, haya, haya!" na kupiga kitanda kwa mkono mzima. Mkewe akasema, "Unaona? Anakufukuza." Mimi niliyaona macho yake na sidhani kama alikuwa ananifukuza. Alijua. Alikuwa shahidi pekee na alikuwa na neno moja tu, ambalo haliwezi kumtetea mtu.

Nikaondoka. Nimelia barabarani, mvua ikanisitiri.

Aprili 19

Mvua. Naweza kukaa dakika ishirini.

Aprili 21

Kamati ni kesho. Mume wangu kasema hatanisindikiza, maana akionekana upande mmoja familia itapasuka. Sikubishana. Nimepiga pasi sare mwenyewe.

Aprili 22

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mazoezi, si ofisini. Matroni, daktari wa mifupa, na karani wa kuandika. Mke wa Fundi aliruhusiwa kuketi nyuma. Wifi alivaa sare mpya.

Nilisema yote. Nilianza na kosa langu, kwamba nilikubali kumhamisha mgonjwa bila mkanda, na karani aliliandika haraka sana. Wifi akasema yaliyomo kwenye karatasi, nusu kwa moyo, kama mtoto anayesoma somo mbele ya darasa. Daktari akauliza kama kuna shahidi. Hakuna. Nikaona anaangalia saa.

Matroni akasema, "Mimi sijui kuhukumu karatasi. Najua kuhukumu mwili." Akavua viatu, akapanda kwenye kitanda cha mazoezi. Godoro likawekwa sakafuni. Mhudumu mmoja mwenye nguvu akasimama nyuma yake kwa usalama. "Mimi ni Fundi Saa," akasema Matroni, na kwa uzito hakuwa mbali. "Upande wangu wa kulia umekufa. Kila mtu asimame pale anaposema alisimama. Wewe," akaninyooshea kidole, "mgongo wako bado, simama tu, usiguse."

Nikasimama upande wa kulia, ambako Wifi aliandika kwamba nilikuwa. Yeye akaenda mbele.

Alisimama mbele ya Matroni miguu pamoja, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Matroni akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Goti lako liko wapi?"

"Goti?"

"Goti langu la kulia halina nguvu. Aliye mbele analizuia. Siku ile ulilizuia kwa goti lako lipi?"

Wifi akaangalia magoti yake. Akapeleka la kushoto, akalirudisha, akapeleka la kulia. Nikasikia karani anavyobonyeza kalamu. Mimi mwalimu wake nilikuwa najua jibu, ila sikuwahi kumfundisha, kwa kuwa nafasi ile sikumpa. Nilimlinda nayo.

"Haidhuru," akasema Matroni. "Badilishaneni. Wewe njoo huku pembeni, shika suruali yangu. Mhudumu, njoo mbele. Hesabuni."

Wakahesabu. Matroni akasimama, akaanza kugeuka, na katikati ya kugeuka akaachia magoti yote mawili kwa makusudi, bila kumwambia mtu.

Wifi akaachia suruali. Akaudaka mkono wa kulia wa Matroni, mikono yote miwili, akauvuta juu.

Mhudumu alimteremsha Matroni mpaka kwenye godoro, taratibu, kama inavyotakiwa. Wifi alibaki ameushikilia ule mkono hewani, anautazama. Mwezi mzima aliufundisha mdomo wake kusema jambo jingine, lakini mikono hakuifundisha. Kisha akakaa sakafuni akajifunika uso.

Mke wa Fundi akasimama. Nilidhani atamrukia. Akanijia mimi, akasema, "Nilikuita muuaji kwa majirani zangu. Nitapita nyumba zote nirudishe." Akatoka.

Uamuzi: mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kumhamisha mgonjwa bila mkanda. Ni haki. Wifi hakufukuzwa. Matroni kasema anayefukuzwa leo kwa woga atakwenda kuvuta mkono mwingine hospitali nyingine. Majaribio yake yanaanza upya, na atafundishwa kuhamisha wagonjwa kuanzia mwanzo. Mwalimu wa somo hilo hospitali nzima ni mmoja tu. Matroni kanitazama, nikasema sawa, kabla sijajiuliza kama ni sawa.

Aprili 23

Wifi amenisubiri nje ya lango la hospitali, na mvua inanyesha, hana mwavuli. Nikadhani amekuja kuomba radhi. Aliomba. Alipiga magoti kwenye tope, nikamwambia ainuke, watu wanatazama. Akasema hataki kubeba peke yake.

"Sikuandika mimi, wifi. Unajua sijui kuandika vile."

"Najua. Nani kakuandikia?"

Akafuta tope magotini. Nikajua kabla hajasema. Mtu anaweza kujua jambo mwezi mzima na akakataa kuliangalia.

"Kaka," akasema. "Siku ileile uliyolazwa kupigwa picha. Mimi nilikwenda kwake na karatasi yangu, nimeandika ukweli, kwa mwandiko wangu mbaya, nilitaka aninyooshee tu maneno. Akaisoma akaichana. Akasema nikipeleka ile nimekwisha. Akasema wewe hawawezi kukufukuza, una miaka kumi na minne kazini, na mgongo wako umeshaharibika, utapumzika vyovyote vile." Akatazama lango.

"Malizia."

"Akasema, 'Wewe una watoto wawili. Wifi yako hana wa kumlilia njaa.'"

Nilimwachia mwavuli nikaenda. Sijui kwa nini nilimwachia. Nilikuwa tayari nimelowa.

Aprili 24

Jumamosi, mchana. Mume wangu alikuwa mezani anamwandikia jirani barua. Nikamwomba jirani atupishe.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza swali moja: "Siku zile tano za likizo, ulikuwa unanigeuza kitandani huku karatasi uliyoiandika imeshafika kwa Matroni?"

Hakukana. Hilo namkubalia. Alisema, "Nilifikiri mambo yatakuwa madogo. Onyo tu, basi. Nilipiga hesabu nani anaweza kustahimili, nikaona ni wewe. Wewe ni mwenye nguvu."

"Kwa hiyo mzigo anatwikwa aliyeshaanguka?"

"Usigeuze maneno. Ni damu yangu yule."

"Na mimi?"

Akaichukua kalamu, akairudisha mezani. Mtu anayewaandikia watu wote wa mtaa barua za radhi hakuwa na sentensi. Kisha akasema jambo ambalo natamani asingelisema: kwamba upole wake wa zile siku tano ulikuwa wa kweli. Naamini ulikuwa wa kweli. Ndilo baya zaidi. Angenitunza vibaya ningejua mapema nimeolewa na nani.

Nimemwambia alale sebuleni.

Aprili 27

Mvua nyepesi.

Aprili 29

Nimeanza kumfundisha Wifi. Somo la kwanza yeye ndiye mgonjwa: alale, alegeze upande mmoja, ahamishwe na wenzake, aone inavyokuwa kushikwa vibaya. Alipofikia zamu ya kuegemea kwangu, mwili wote ulikakamaa. Aliogopa nitamwachia. Mimi nilimuona anavyoogopa na kwa muda mfupi nilifurahia, sitasema uongo humu. Kisha nikasema, "Lete uzito." Akauleta. Nikamshika kiunoni, nikamgeuza, uzito mwingi akaubeba mhudumu. Akaketi kwenye kiti akalia, nikamwambia tunarudia.

Fundi Saa alikuwa anatazama kutoka kitandani. Bega bado. Leo nilipogusa kiganja chake, kidole gumba hakikusogea. Daktari anasema tusubiri. Mkewe ameikunja leso na bisibisi yake, akaiweka mkobani.

Mei 3

Wifi ameleta watoto. Wamekula. Hatukuzungumza mengi, lakini alipoondoka aliniaga akinitazama usoni.

Mei 6

Mume wangu ana siku kumi na mbili sebuleni. Asubuhi hii alinikuta nafunga viatu, nimeinua mguu juu ya kigoda ili nisiiname. Akapiga goti anifungie. Nikautoa mguu.

Akaniuliza, akiwa palepale chini, mbona dada yake nimemsamehe, watoto wake wanakula hapa, namshika kwa mikono yangu kila siku, na yeye hata kiatu simpi afunge. Anataka kujua ni lini zamu yake itafika. Aliuliza kwa unyenyekevu, na mimi nikampa jibu la kweli, maana alistahili hilo tu.

Nilimwambia, "Dada yako aliogopa, akadaka alichokiona karibu. Anayedaka kwa woga ninamfundisha. Ndiyo kazi yangu. Wewe hukuogopa. Ulikaa mezani, ukatupima mimi na yeye, ukajua nani ana maumivu zaidi, ukanichagua mimi. Ukaja ukanigeuza kwa upole. Kwa hilo sina zoezi."

Nikafunga kamba za kiatu cha pili, nikaenda kazini.